Nafasi Isiyo na Mwenyewe: Mwongozo kwa Mwenye Laptopu

Hongera. Umenunua laptopu ya mtumba Lodwar, ikabebwa kwa pikipiki hadi Namoruputh imefungwa ndani ya leso mbili kwa sababu ya vumbi, na sasa ukiiwasha inakuuliza kwa adabu: Ubuntu au Windows? Ni boma la wake wawili, kila mmoja na kibanda chake. Wewe unampenda Windows. Ubuntu ulimkuta tu, na tena ana tabia ya kuvuruga saa: ukitoka kwake saa nne asubuhi, Windows inakuambia ni saa moja. (Ubuntu huweka saa ya ndani ya mashine kwa saa za dunia, Windows huisoma kana kwamba ni saa za hapa, na Kenya iko mbele kwa saa tatu. Amri moja ya timedatectl humaliza ugomvi, lakini nani ana muda?) Umeamua aondoke, nafasi yake uichukue.

Anza kwa kumshuku muuzaji. Kibandiko kinasema gigabaiti 500, Windows inasema 465. Panda gari urudi Lodwar ukagombane. Akikueleza kwamba mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huhesabu 1,073,741,824, mwambie hesabu hizo akawafundishe wanawe. Nauli ya kwenda na kurudi ndiyo hasara yako ya kwanza, na ndiyo ndogo kuliko zote.

Ukishatulia, fungua programu ya Windows ya kusimamia diski. Utaiona diski imelazwa kama mkeka uliokatwa vipande. Kimoja kina herufi C. Pembeni kuna kijisehemu cha megabaiti 100 na kingine cha uokoaji. Halafu, mwisho kabisa, kuna kipande cha gigabaiti 80: hakina herufi, hakina jina, hakisemi kina nini. Windows haijui kusoma ext4, mpangilio wa faili unaotumiwa na Ubuntu, kwa hiyo inakionyesha hivyo hivyo, bubu. Moyo utakudunda. Mali ya bure!

Mgeni anayefika kingo za Turkwel kiangazi hupatwa na furaha hiyo hiyo. Anaona migunga imejipanga, hakuna ua, hakuna kibao, hakuna mtu. Anakata tawi apikie chai. Maji hayajachemka, mzee ameshatokea na kigoda chake, ameketi, anamtazama. Hiyo ni ekwar, eneo la miti la familia fulani, na maganda ya miti hiyo ndiyo yatakayowavusha mbuzi wao hadi mvua irudi. Mwenyeji hapotezi wakati kuuliza kama mti una mwenyewe. Huuliza ni nani.

Watu waoga hufanya vivyo hivyo kwenye diski. Huingia Ubuntu, wakaandika lsblk -f, wakaona kila patisheni na aina yake. Wewe endelea. Ukikosea ukakipa kipande kile herufi, Windows itakuambia lazima kifomatiwe ndipo kitumike. Haisemi “sijui kusoma kilichomo.” Inasema kama karani aliyeshindwa na mwandiko wako, akakuagiza ujaze fomu upya. Mtii. Futa.

Kijisehemu cha megabaiti 100 nacho usikidharau. Windows itakataa kukifuta, lakini programu ya GParted iliyo kwenye flashi haina maswali mengi. Humo ndimo kompyuta inamotafuta programu za kuwasha mifumo yote miwili, kwa hiyo ukikiondoa utakuwa umewatendea haki wake zako: wote watalala nje. Kama huruma imekushika, kiache.

Sasa panua C. Haipanuki. Windows hupanua patisheni kuelekea nafasi inayoifuata papo hapo tu, na katikati umelala ule uokoaji. Gigabaiti zako 80 zipo, unaziona, kama unavyoliona duka la ng'ambo laga ikifurika kwa mvua iliyonyesha mbali huko milimani Loima huku kwako jua likiwaka. Fungua GParted, usogeze uokoaji hadi mwisho wa diski, kisha uivute C. Kusogeza patisheni ni kunakili kila kilichomo, si kuchora mstari mpya, na jambo lenyewe halipendi kukatizwa. Basi anza jioni, betri ikiwa asilimia 31, sola imeshalala. GParted ikilalamika kwamba Windows haikuzimwa sawasawa, ni kweli: siku hizi Windows ikizimwa hulala jicho moja wazi, ili iwahi kuamka. Kulizima jicho hilo ni kubofya mara chache kwenye mipangilio ya umeme. Usilizime.

Asubuhi washa. Skrini nyeusi, na maandishi haya: grub>. Hakuna orodha, hakuna swali la adabu. Windows huenda ni mzima ndani, lakini GRUB, bawabu aliyekuwa akikupeleka kwake, alikuwa ameweka daftari la njia kwenye zile gigabaiti 80.

Mpelekee laptopu kijana wa duka la kuchaji simu. Ataitazama bila kucheka, jambo litakalokuuma zaidi. Atakuambia kufuta patisheni ni kuchana ukurasa wa daftari la mipaka tu. Vitu vyenyewe hukaa pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yao. Ataingiza flashi yake, ataianzisha TestDisk ipite diski nzima ikitafuta nyayo za patisheni iliyokuwepo. Kisha atauliza, macho bado kwenye skrini:

“Hapo palipofutwa, mzee, hujaweka kitu?”

Nawe utakumbuka kwamba jioni ile, kabla hujafungua GParted, ulikifomati kipande kile na kunakili filamu za gigabaiti 60, kuona tu kama nafasi inafanya kazi.