Toa Mguu Kwenye Mafuta!

Nyoo! Muoneni dereva anavyokanyaga mafuta! Lori limezama mpaka ekseli, tairi linazunguka papo hapo kama pia, naye bado anaongeza. Warya, toa mguu! Kila mvua za gu, yaani masika, ni yaleyale: mzigo wa kwenda mji wa Bute unaozea njiani, mgonjwa anangoja gari lisilofika, na lawama zote tunayatupia matope.

Jamani, lori haliendi kwa sababu tairi linazunguka. Linakwenda kwa sababu tairi limeishika ardhi, na mshiko huo ndio msuguano. Maadamu halijateleza, msuguano una nguvu. Likishaanza kuteleza, nguvu hupungua, na kila mzunguko ni kujichimbia shimo. Utingo anayeijua kazi hachochei injini. Hukwangua tope mbele ya tairi, akatandika matawi na mawe, ndipo dereva aondoke polepole.

Kuna wanaosema, ongezeni magunia, lori litashika. Aa! Ni kweli uzito huongeza msuguano. Mfaransa Guillaume Amontons alilieleza hilo mwaka 1699. Lakini yeye alizungumzia vitu vigumu. Kwenye tope laini uzito huohuo ndio unaolididimiza lori.

Mchanga nao una mambo yake. Mkavu unakimbia chini ya tairi. Ukilowa kiasi unashikana. Yaelekea Wamisri wa kale walilijua hili. Kwenye kaburi la mkuu wao Djehutihotep kuna mchoro wa watu wanaokokota sanamu kubwa, na mmoja anamwaga maji mchangani mbele ya sanamu hiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walijaribu wakaona maji ya kiasi hupunguza nguvu ya kukokota hadi nusu. Yakizidi, kazi inaharibika tena.

Na ngamia? Mchangani wayo wake mpana unatanuka, hazami. Mtie topeni uone miguu inavyomkimbia huku na huku! Mfugaji hamlazimishi. Gari tunalilazimishia nini?

Tena tazameni hilo tairi, kipara kitupu! Ile mifereji iliwekwa ipitishe maji na tope, mpira uifikie ardhi. Mwenye gari atasema tairi jipya ni ghali. Ni ghali, kweli. Basi alipumzishe gari mpaka mvua ikatike, akina mama abiria wasilale porini na watoto mgongoni.