Hawa ni Ndugu Zangu, Afande

Ukimiliki Probox wilayani Biharamulo, jiandae kuishi kama mtuhumiwa. Gari hilo ndilo mchomoko wetu, yaani teksi ya kuchangia. Linatoka mjini, linashuka Lusahunga, linafika Nyakanazi, linageuza, na ndani yake watu wamepangwa kwa namna ambayo Mjapani aliyelichora hakuiwaza: mmoja kakalia gia, wawili wako kwenye buti na mizigo yao, na dereva mwenyewe kabanwa mlangoni kiasi kwamba kona ya kulia anaikata kwa bega. Langu ni la kwenda kazini na sokoni, lakini nani atajua? Asubuhi watu wananipungia mkono, nisiposimama wananitukana. Siku moja nimeegesha kununua ndizi, mama mmoja akafungua mlango wa nyuma, akaingiza ndoo yake ya dagaa, akakaa, akaniuliza tunaondoka saa ngapi.

Trafiki naye ana macho kama ya yule mama.

Kuna bamba, utasema. Ni kweli, bamba la njano ni la gari binafsi na jeupe ni la gari la biashara. Ila huku kwetu bamba la njano halimshawishi mtu, kwa kuwa michomoko mingi nayo inalo. Anayetaka kubeba abiria kihalali anatakiwa awe na leseni ya usafirishaji kutoka LATRA, mamlaka iliyorithi kazi za SUMATRA mwaka 2019. Asiyekuwa nayo hutumia njia ya zamani, ambayo kila aliyepanda mchomoko anaifahamu. Mkikaribia kizuizi dereva anapunguza redio, anageuka nyuma, anatoa semina fupi: "Jamani, tukisimamishwa sisi ni familia moja. Tunakwenda msibani." Abiria wanaitikia. Mnyarwanda anayerudi kwao, mwalimu wa Nyakahura na muuza mitumba wa Kahama wanakuwa ndugu wa damu kwa muda wa dakika tano, na wengine huingia kwenye uigizaji hadi wanajifuta machozi.

Sasa fikiria hali yangu siku niliyobeba ndugu wa kweli.

Tulikuwa tunapeleka mahari Kabanga, kule Ngara karibu na mpaka wa Burundi, kwa ajili ya mdogo wangu. Gari lilikuwa na shangazi, mjomba, baba mdogo na mshenga. Pamoja nami tulikuwa watano, idadi halali kabisa kwa viti vya Probox. Nyuma kulikuwa na kreti za soda, dumu la rubisi na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Nilikuwa nimekagua kila kitu: bima, leseni, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu mbili, hata taa ya namba. Nikajiona kama mtu asiyeweza kuandikiwa.

Ukitoka Lusahunga kuelekea Rusumo unaingia kwenye barabara ya malori. Ndiyo njia ya mizigo ya Rwanda na Burundi kutoka bandari ya Dar es Salaam, na malori yale hupanda milima kwa subira ya kobe. Ukiwa nyuma ya lori la mafuta unapata nafasi ya kutafakari mambo mengi. Mimi nilitafakari historia. Mwaka 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja tu, na pale Benaco kambi ikageuka mji ghafla. Miaka iliyofuata silaha zilizagaa na majambazi wakateka magari kwenye mapori haya, hadi mabasi yakawa yanasindikizwa na askari wenye bunduki. Abiria wa wakati ule walikuwa wakimwomba Mungu waone polisi njiani. Sisi watoto wao tunaomba tusiwaone.

Maombi yangu hayakupokelewa. Mbele akatokea afande, shati jeupe limepigwa pasi, mkono juu. Nikaegesha, nikazima gari, nikashusha kioo.

"Habari za safari, dereva. Abiria hawa unawatoa wapi?"

"Hawa ni ndugu zangu, afande. Tunapeleka mahari."

Akatabasamu kwa huruma. "Mwenzako aliyepita sasa hivi alikuwa anakwenda msibani. Angalau wewe una sherehe."

Akaanza mahojiano. Alikuwa na akili, nakiri, kwa sababu hakuniuliza mimi. Alizunguka upande wa shangazi akamwuliza: dereva wako anaitwa nani? Shangazi yangu amenilea, amenibeba mgongoni, na tangu nizaliwe hajawahi kutumia jina langu la ubatizo. Akataja kwa fahari jina la utotoni, ambalo halimo kwenye leseni na haliwezi kuandikwa kwenye insha inayosomwa na watu wenye heshima zao. Afande akaitazama leseni, akamtazama shangazi.

"Mama, hilo silioni hapa."

"Basi hiyo karatasi imekosewa," shangazi akasema.

Akahamia kwa mjomba. Huyu ndiye aliyeshika bahasha, na masikio yake yana siku nzuri na siku mbaya. Afande akainama dirishani: "Mzee, umelipa shilingi ngapi?"

Mjomba akakaa sawa. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Biharamulo mtu alikuwa amemwuliza jambo linalohusu wadhifa wake. "Tumelipa nusu," akasema kwa sauti ya mkutano. "Nyingine tutamalizia tukifika. Ndivyo tulivyokubaliana."

Kimya kikatanda ndani ya gari. Jogoo peke yake ndiye aliyetoa maoni.

Nikajaribu kueleza kwamba hiyo ni mahari, si nauli. Mshenga akaeleza. Baba mdogo akataka kufungua bahasha ahesabu zile fedha mbele ya serikali. Kila tulivyozidi kueleza ndivyo tulivyozidi kufanana na watu waliofundishwa. Huu ndio ubaya wa kusema ukweli mahali ambapo uongo umekwisha kuutumia: unafika umechakaa.

Afande akabonyeza mashine yake, karatasi ikatoka.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu karatasi ile wengi hawaisomi. Wanaikunja, wanaitupa kwenye droo ya gari, wanaendelea na safari wakilaani. Isome palepale. Ina namba ya gari, namba ya leseni, jina la kosa, mahali, saa, kiasi, na ile namba ya malipo ambayo kila mtu anaiita kontroo namba. Angalia kama namba ya gari ni yako. Angalia kama kosa lililoandikwa ndilo mlilokuwa mnabishania, maana mashine ina orodha ndefu na kidole cha binadamu huteleza. Fedha hailipwi mkononi mwa mtu. Inalipwa kwa simu, wakala au benki kupitia namba hiyo, na atakayekwambia "toa kidogo tumalize" anakuomba ununue hasara isiyo na risiti.

La muhimu zaidi ni kwamba karatasi hiyo si hukumu. Ni tuhuma yenye bei. Inakwambia kwamba ukikubali kosa, unaweza kulimaliza kwa kulipa bila kumsumbua hakimu. Usipokubali, shauri liende mahakamani, na huko mwenye kazi ya kuthibitisha ni anayekushitaki. Wewe huna haja ya kuthibitisha kwamba shangazi ni shangazi.

Nilikuwa nayajua yote haya. Nikavuta pumzi, nikasema maneno niliyoyafanyia mazoezi bafuni: "Afande, sikubali kosa. Naomba nifikishwe mahakamani."

Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. "Ni haki yako kabisa," akasema. "Egesha pale chini ya mti. Tutaandika maelezo yako, na ya hawa mashahidi wako mmoja mmoja, halafu tutapanga siku ya kwenda."

Nikautazama ule mti. Chini yake kulikuwa na lori moja ambalo majani yalikuwa yameanza kuota kwenye bodi lake. Nikatazama saa. Kabanga walikuwa wanatusubiri adhuhuri, na wazee wa upande wa bibi harusi ni watu ambao ukichelewa wanaongeza mbuzi. Nikapiga hesabu: mbuzi wa kuchelewa, mafuta ya kuja siku ya kesi, mafuta ya kuja tena siku ya kesi ikiahirishwa, nauli na chakula cha mashahidi, na hatari ya kumweka mjomba kizimbani aulizwe tena umelipa kiasi gani. Upande wa pili wa mizani kulikuwa na shilingi 30,000.

Nina hakika aliyepanga kiwango hicho alikuwa anaijua nafsi ya binadamu. Ni kikubwa cha kutosha kukuharibia siku, na ni kidogo mno kukupeleka kwa hakimu. Waendesha pikipiki wao walihurumiwa kwenye bajeti ya mwaka 2021, faini yao na ya bajaji ikashushwa hadi 10,000. Wakati naipigia hesabu haki yangu, bodaboda mmoja alipita mbele yetu na mshikaki wa watu watatu na tenga la kuku. Akampungia afande mkono. Afande naye akampungia.

"Lipa," shangazi akaamua. "Haki yako utaidai siku ambayo hatuendi kuoa."

Nikalipa kwa simu palepale, maana zikipita siku 7 bila kulipa, deni huongezwa, na linaloongezeka Kabanga lilikuwa linatosha.

Msinielewe vibaya, kuna siku kupinga kunalipa. Niliwahi kusimamishwa, afande akaingiza namba yangu kwenye mashine, akaniambia nadaiwa faini ya mwendo kasi katika mkoa ambao sijawahi kukanyaga. Tarehe ile gari langu lilikuwa kwa fundi, limekalia matofali, magurudumu yamelazwa pembeni. Nikamwomba fundi awe shahidi. Akakataa, kwa sababu angelazimika kueleza kwa nini kazi ya siku mbili ilichukua majuma. Basi nikaenda ofisini nikauliza swali moja tu: picha iko wapi?

Hilo ndilo swali la kuuliza. Tochi, kile kipima mwendo cha trafiki, hupiga na picha. Ndiyo maana askari mwenye tochi anaweza kuwa amejibanza nyuma ya mwarobaini, akamtumia mwenzake aliye mbele picha yako kwa WhatsApp, na wewe ukafika ukakuta sura ya gari lako inakusubiri. Picha inaonyesha kasi, saa na bamba. Yangu ilipopatikana ilikuwa ya Noah nyeusi, mabamba yetu yakitofautiana kwa herufi moja. Askari wa pale ofisini akacheka kuliko mimi, akasema pole, deni likafutwa. Naye mnunuzi wa gari la mkononi akumbuke kuangalia namba ya gari kwenye mfumo wa faini kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa madeni haya hukaa kwenye gari na huhamia kwa bwana mpya pamoja na kelele za mkanda.

Jambo jingine la kupinga, na hili nalisema nikiwa nimekasirika kweli, ni vibao. Ukiingia kijijini unakuta kibao cha 50. Unatii. Unakimaliza kijiji, unatafuta kibao cha kukuruhusu kuondoka kwenye 50, hakipo, kimekwenda kwenye chuma chakavu. Ukifuata sheria ipasavyo utakwenda hamsini hadi Rusumo, huku lori la mafuta linakupigia honi kwa nyuma. Ukiongeza mwendo, tochi iko kwenye kona. Piga picha mahali kibao kilipong'olewa. Ni ushahidi mzuri kuliko hasira.

Na ukifika Rusumo utaona kioja. Tanzania tunapita kushoto, Rwanda na Burundi wanapita kulia, kwa hiyo hapo mpakani magari hubadilishana upande. Madereva wetu wanaojua kubishana na kila afande kuanzia Nyakanazi wakishavuka daraja wanakuwa malaika. Kule kuna kamera za barabarani ambazo Wanyarwanda wamezipa jina la Sofia, na faini hukufikia kwa ujumbe wa simu. Sofia hana dirisha la kuinamia. Humwambii kwamba hawa ni ndugu zako. Nimemwona kwa macho yangu dereva mmoja wa mchomoko, aliyekuwa akienda kumsalimu mkwewe Kirehe, akisimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu kusubiri mbuzi apite.

Kabanga tulifika tumechelewa, mbuzi akaongezwa, ndoa ikafungwa. Mjomba amesimulia kisa hiki kila msiba na kila harusi, na katika masimulizi yake yeye ndiye aliyemjibu afande kwa busara. Mdogo wangu aliahidi kunirudishia ile 30,000. Nimemwambia masharti ni yaleyale ya serikali: siku 7, zikipita deni linaongezeka, na akitaka kupinga aende mahakamani na shangazi akiwa shahidi.