Masharti ya Kucheza Mganga Mezani

Mmekaa kwenye benchi hapo Kalemela, wilayani Busega, dadu la pande 20 liko mezani. Anayecheza mpiganaji ameshamaliza kujaza karatasi yake: upanga, ngao, basi. Anayetaka kuwa mganga bado anafunua kitabu. Mnyang'anye. Dungeons & Dragons, mchezo huo wa kuigiza wahusika, ulitolewa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kanuni zao za uganga zinafaa kwa watu wasio na majirani. Tumia hizi.

Kwanza, nguvu zisirudi ovyo. Kitabuni mganga akilala usiku mmoja anaamka na kila kitu. Huku atasubiri mavuno. Ngoma na dawa zake zina msimu, nao huja pamba ikishatoka shambani, kuanzia Juni hivi. Kabla ya hapo mhusika wako ana jembe, na adui akitokea wakati wa palizi, ampige nalo.

Pili, asichague aina ya uganga kabla hajachagua chama. Ni Bagika au Bagalu, hakuna cha katikati. Vyama hivyo vya ngoma vya Wasukuma vinatokana na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, kila mmoja fundi wa ngoma na fundi wa dawa. Na hapa ndipo Usukuma ulipowaacha mbali watunga michezo wa dunia nzima: vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni mwenye umati mkubwa. Watazamaji wana miguu. Wakichoka na Bagika wanahamia kwa Bagalu, na wacheza ngoma wanawaona wakiondoka. Dawa inayotafutwa kuliko zote si ya kuua, ni ya mvuto.

Kwa hiyo uganga wowote unapofanyika mezani, kila aliyepo, wakiwemo watoto waliokuja kuchungulia na mama anayesubiri benchi lake, asimame upande wa mchezaji anayemfurahisha. Hesabu vichwa. Dadu ni la kuamua sare tu. Utamwona mganga wa ngazi ya 17, mwenye uwezo wa kuangusha vimondo, akisoma maelezo ya vimondo vyake kwa sauti ya katibu wa kikao, huku umati wote ukiwa kwa kijana wa ngazi ya kwanza anayecheza Mgoyangi, mcheza ngoma na nyoka, na kuigiza chatu kwa mkanda wa suruali. Kijana ameshinda. Vimondo vimeanguka ziwani, wavuvi wa dagaa wanataka fidia.

Viambato navyo. Kitabu kinadai mpira wa moto utengenezwe kwa kinyesi cha popo na salfa, yaani mapishi ya baruti yaliyokosa makaa. Kwetu dawa hutiwa shingila, kitu chenye maana inayoielekeza dawa kazi yake. Mchezaji asitaje kiambato bila kuwashawishi wenzake kwa nini kinafaa. Anataka kuvuta watu? Alete udongo wa mlango wa mnada. Anataka kumchelewesha adui? Tiketi ya basi lolote.

Maneno ya uganga yatanguliwe na salamu. Huwezi kumchoma mtu ambaye hujamwambia "Mwangaluka" na kumuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua. Mara nyingi, mkifika kwenye mvua, ugomvi umeisha.

Kujiponya ni marufuku. Mganga hajigangi, atafute mganga mwingine, alipe. Anayetaka kupiga ramli alete kuku halisi, ambaye baada ya ramli ataingia sufuriani. Utashangaa jinsi maswali kuhusu siku zijazo yatakavyopungua, au wachezaji watakavyoongezeka.

Sharti moja halina mzaha. Mwendesha mchezo asimweke bibi mwenye macho mekundu kuwa adui wa pangoni. Macho hayo huyapata jikoni, kwenye moshi wa kuni na samadi, na katika Kanda ya Ziwa wapo vikongwe walioitwa wachawi na kuuawa kwa sababu ya macho hayo. Wala kiambato kisitoke katika mwili wa mtu. Mwaka 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Mezani kwako marufuku ya viungo vya watu isiwe na mjadala.

Makaratasi sasa. Mganga akitaka kupanda ngazi, aonyeshe usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002. Mchawi hana wa kumsajili. Yeye ana Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyowazika wakoloni walioileta. Foleni ya ofisini ihesabiwe kama pango, ila hazina hakuna.

Na yule mchezaji aliyekariri kitabu kizima, anayesimamisha vita kila dakika kubishania maandishi madogo? Usibishane naye. Sungusungu, walinzi wa jadi, walianza huku Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980. Ita kikao chao chini ya mti, wote mezani wawe wazee, mtozeni ng'ombe. Atafunua karatasi yake, atakuta maneno 32 ya uganga na fimbo ya radi, ng'ombe hana. Hadi atakapompata, salamu zake zisiitikiwe, na asiye na salamu, kama tulivyokubaliana, hawezi kuanza uganga.