Mafuta ya Nazi Yameganda

Shangazi, shikamoo. Na wote hapo Kariakoo, salamu.

Kwanza niue uvumi: sijahamia Kenya. Kenya ninakopanga ni komini ya hapahapa Lubumbashi, jirani na Kamalondo na Katuba, kwa hiyo mjomba aache kuniuliza matokeo ya Gor Mahia.

Pili, chupa ya mafuta ya nazi uliyompa dereva wa lori imefika. Imevuka Tunduma, imevuka Kasumbalesa, halijamwagika hata tone. Lingemwagika vipi? Yameganda meupe kama mshumaa. Nimechokonoa kwa kijiti mpaka nikapata ya kupaka kiwiko kimoja. Mama mwenye nyumba kanishauri niyaanike juani kuanzia saa nne, ukutani anapoanika mawese yake. Basi kila asubuhi nazi na mawese wanaota jua pamoja, na sisi wapangaji tumejipanga pembeni yao.

Mliponiaga mlinipa neti na feni. Neti, Mungu awalipe. Feni naitundikia kofia. Mji huu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya mwaka anga linakuwa jeupe, wingu hakuna. Mchana jua linakuchoma kisogo. Usiku joto lote la ardhi linapaa na kupotea, na alfajiri tuko chini ya nyuzi 10. Huko mabondeni kuna siku umande unaganda juu ya majani. Nyinyi Julai mkifika nyuzi 19 mnatafuta masweta na kupigiana simu kupeana pole. Endeleeni, nawasikia.

Mwezi wa tano mama mwenye nyumba alikuja kukikagua chumba changu. Akapitisha mkono kwenye upenyo ulio kati ya ukuta na bati, akautoa, akanitazama kwa huruma. "Baba, hii baridi haichekake na mutu." Upenyo huo Oktoba huwa nausifu kwa wageni. Sasa tumeushindilia mifuko ya saruji, na chini ya mlango imelala suruali yangu ya jinzi iliyojazwa vitambaa, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Kuta hazina neno: ni tofali za kuchoma za udongo wa kichuguu. Katanga ina vichuguu vinavyozidi nyumba kwa urefu, mchwa wenyewe hawana habari ya baridi.

Kisha makala, huo mkaa wenu. Unaletwa na baiskeli iliyorundikwa magunia mpaka msukumaji haonekani, unadhani mzigo unajitembeza. Anayengoja Juni analipa bei ya Juni. Hita ya umeme ninayo pia, ina kitaa chekundu kizuri sana. Kuna laini ya umeme ya kilomita 1,700 hivi kutoka Inga hadi Kolwezi, ilikamilika miaka ya 1980 kwa ajili ya migodi. Jioni mtaa mzima unapowasha hita kwa pamoja, naona umeme umechoka na safari, unazimika. Kitaa nacho kinalala.

Hapo ndipo inapoingia mbabula, jiko la bati lenye matundu. Inawashwa uani, inaingia makaa yakishakuwa mekundu, na dirisha linaachwa wazi kidogo. Yaani umeziba mchana kutwa, jioni unafungua. Kabla ya kulala inatoka, hata ukilia. Gesi ya mkaa haina harufu, na imeua watu usingizini. Kwa hilo mama mwenye nyumba hana utani: saa tatu usiku anahesabu mbabula uani, ikipungua moja anagonga milango yote.

Kuoga ni saa saba mchana. Ukisikia maji yanamwagika alfajiri, ujue huyo ni bwana harusi, au kuna jambo. Waendesha pikipiki asubuhi wamevaa makoti kinyumenyume, zipu mgongoni. Saa sita utawakuta na singlendi, wanalalamikia joto.

Mdogo wangu anasema atakuja Julai kupumzika. Mwambieni aje Oktoba. Aking'ang'ania Julai, aje na blanketi lake, maana la kwangu nimelipigilia misumari dirishani. Feni atarudi nayo.