Fundi Ni Mimi Mwenyewe

Hongera, jirani yangu wa Uyole, kwa kuezeka kibaraza bila fundi. Kwani kupanda ngazi na kushika nyundo kunahitaji cheti? Mbao umeleta za paini kutoka Mafinga, mbichi kabisa, bado zinanukia msitu wa Sao Hill. Bei ilikuwa nzuri. Sasa zitakaukia hukohuko juu, na kila papi itajiamulia ipinde upande gani. Bati umechukua geji 32, maana 32 ni kubwa kuliko 28. Muuza duka, mtu wa adabu, hakutaka kubishana na msomi.

Misumari ndiyo iliyotukusanya uani. Watu huipigilia kwenye mgongo wa bati ili maji yapite bondeni. Wewe umeipigilia bondeni, katikati ya njia ya maji, na mipira yake ukaitunza mfukoni isije ikachakaa. Mteremko nao umeuelekeza ukutani. Mvua ya Mbeya huanza Novemba na kukaa hadi Aprili. Safari hii haitahangaika kutafuta mlango, itashuka moja kwa moja sebuleni kama mshenga aliyeitwa.

Na sifa zimeshafika Iringa. Shemeji yako wa Kihesa ameona picha, iliyopigwa siku ya jua, naye anataka kibaraza kama hicho, nauli ameshatuma. Ameuliza kuhusu upepo wa kule. Umemjibu asiwe na wasiwasi: kwa mawe yaliyojaa Iringa, misumari ya nini?