Picha ya Uani Iliyotoka Barazani

Siku ya singo ya mdogo wangu, Shangazi alikaa mlangoni mwa chumba cha ndani, beseni la plastiki miguuni pake. Kila mwanamke aliyeingia alivua viatu, akavua baibui, akatia simu yake besenini. Hakuna aliyeuliza sababu. Mle ndani vichwa viko wazi, mabega yako wazi, na bibi harusi amekaa mkekani kwa kanga moja. Tulikuwa nyumbani kwetu Wete, mavuno ya karafuu yamekwisha, majamvi ya kuanikia yamekunjwa. Singo lilitwangwa tangu alfajiri, liwa na karafuu na mrehani, likarowekwa kwa marashi ya waridi, na moshi wa udi ukatanda hadi darini.

Simu moja haikuingia besenini, nayo ni yangu. Nilimwambia Shangazi kwamba nangoja kupigiwa na wapishi wa pilau, akaniamini. Mama alipochota singo kuanza kumsugua mwanawe mkono, somo akamnong'oneza jambo. Mama akacheka, kichwa kakiangusha nyuma, nywele zake za hina zimemwagika mabegani. Tangu Baba afariki, miaka 6 sasa, sikuwa nimemwona akicheka vile. Nikapiga picha moja tu.

Mdogo wangu akachukuliwa Mkoani kwa mumewe, nyumba ikapoa. Usiku wa tatu, kwa upweke, nikaiweka picha ile kuwa picha yangu ya profaili kwenye WhatsApp. Moyoni niliona kama naitundika ukutani mwa chumba changu. Sikumwuliza Mama, wala sikumwuliza mdogo wangu. Nikalala.

Namba yangu ndiyo tunayopokelea oda. Mama hupika visheti na vileja, na kibao kilichopigiliwa kwenye mwembe wa njiani kina namba hiyo kwa rangi nyekundu.

Asubuhi muuza samaki akapiga hodi. Ni mtu wa heshima, ana watoto wakubwa, na miaka yote huishia barazani. Aliweka mtungo wa pono, Mama akatoka kajitanda kanga kama kawaida yake.

"Mama, ile picha mashaallah," akasema. "Harusi imekurejeshea ujana. Na hina ile nyweleni, hata sikukujua."

Hakusema kwa ubaya. Mama alimpa pesa zake, akarudisha mlango, akasimama ukumbini mkono uko kichwani, kama anayehakikisha kanga ipo.

"Nywele zangu kaziona wapi?"

Nikamwonyesha simu. Hakupiga kelele. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akanirejeshea, akaingia chumbani, nikasikia komeo. Pono wale niliwapika, na hakuna aliyewatia mkono.

Adhuhuri Shangazi akafika na gari kutoka Chake Chake. Kabla ya kunisema alitaka hesabu. "Nani kaiona?" Nikaleta daftari la oda, tukakaa nalo mkekani. Mwalimu wa chuo aliyeagiza visheti vya hitima. Kijana wa bodaboda. Fundi aliyetuezekea bati. Dereva wa gari la Konde. Kila nilipotaja jina Shangazi aliuliza, "Na huyu anayo namba yako?" nami najibu, "Anayo." Daftari lilipokwisha, wanaume peke yao walikuwa 74. Shangazi akalifunga polepole. "Mamako katoka hijabuni mbele ya watu 74," akasema, "naye kalala kitandani mwake."

Baada ya magharibi mdogo wangu akapiga, analia. Mumewe alikuwa bandarini Mkoani akingoja boti ya Unguja, mwenzake akamwonyesha picha ile kwa nia ya kumpongeza. "Mkono ule na bega lile ni langu, Dada. Mbona hukuniuliza?"

Sikuwa na jibu. Mpaka saa ile nilikuwa nikihesabu kosa moja, la kumkosea Mama. Nikaona kwamba pichani mlikuwa na watu wawili, nami sikumwomba idhini hata mmoja wao.

Usiku kaka yetu aliporudi kutoka dukani aliichukua simu, akafungua mipangilio, sehemu ya faragha. Picha ya profaili ilikuwa imewekwa ionekane na kila mtu, kama nilivyoikuta siku niliyonunua simu. Kila mtu maana yake yeyote mwenye namba yangu, nimjue nisimjue. Akabadilisha ionekane na waliomo kwenye orodha yangu ya simu tu, akashusha pumzi. Nikamwambia, "Kaka, wateja wote 74 nimewahifadhi humo humo." Orodha yangu ndiyo lile daftari. Ipo njia nyengine, iliyoanza mwaka 2022, ya kuwaonyesha waliomo isipokuwa uliowachagua. Tukaanza kuwachagua mmoja mmoja, tulipofika 20 kaka akaweka simu chini. "Hii siyo picha ya kuchagulia watu," akasema. Akaitoa, akaweka sahani ya visheti.

Tulidhani yamekwisha. Baada ya wiki mbili binamu yetu aliyeko Muscat akampigia Mama. Namba asiyoijua, yenye uso wa Mama pale kwenye profaili, ilikuwa imemwandikia: simu yangu imeharibika, nina shida, nitumie pesa kwa namba hii. Alikuwa ameshaanza kutuma, akaona ajabu Mama kumwita kwa jina lake kamili, jambo asilolifanya hata siku moja. Ndipo akapiga kwanza. Uso ulikuwa umekatwa kutoka picha ile ile. Mwaka 2024 WhatsApp ilianza kuzuia watu kupiga picha ya skrini kwenye profaili ya mtu, lakini simu ya pili ikishikwa juu ya ya kwanza haizuiwi na lolote. Tukaipeleka namba ya kupokelea pesa kwa 15040, ambako TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hupokea namba za matapeli. Kaka alitueleza kwamba kujifanya mtu mwengine kwa njia hii ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Shangazi alisikiliza, kisha akasema maji yakimwagika hayazoleki.

Siku ile Mama alisema nami kwa kirefu kwa mara ya kwanza tangu pono wa asubuhi ile. Hakutaja sheria. Alinionyesha nyumba. "Mgeni tunamkaribisha wapi?" Nikasema barazani. "Jamaa?" Ukumbini. "Na uani?" Nikanyamaza. "Baba yako alijenga hivi kwa mikono yake ili kila mtu ajue anapokomea. Wewe umenichukua uani, ukanikalisha barazani, mlango wazi, usiku kucha."

Tangu hapo najua kwamba picha ya profaili ni baraza. Yafaa kiwekwe pale kile unachoridhia kionwe na mpita njia: kisheti, ua, jina la duka, uso wako mwenyewe ukitaka. Uso wa mwenzio una mwenyewe, naye hupigiwa hodi kabla, hata akiwa mama aliyekuzaa, hata kama umempiga picha kwa mapenzi.

Nilitaka kuifuta kabisa. Mama akanizuia. Kaka akapendekeza tuichapishe, Mama akauliza, "Nani ataichapisha?" Tukakumbuka kijana wa studio, tukaacha.

Mdogo wangu alipokuja kututembelea, Mama alifunga mlango wa ukumbini, akamwita na Shangazi, tukaingia chumba kile kile cha singo. Akavua ushungi. "Haya, nionyeshe," akaniambia. Nilimtazama mdogo wangu kwanza, akaitikia kwa kichwa, ndipo nikaifungua. Tuliitazama sote wanne vichwa vimegusana, na Mama akaanza kutuhadithia alichonong'onezwa na somo siku ile. Alipomaliza, niliizima simu, nikaenda kuitia besenini.