Pampu ya Siku ya Jua

Mwenye nyumba wa Detroit akienda kununua pampu ya kukausha besimenti, swali lake la kwanza ni nguvu za farasi, kana kwamba maji yatasoma kibandiko yaogope. Kumbe kasi iliyoandikwa kwenye boksi hupungua kadiri bomba linavyopandisha maji juu. Aliyenunua namba amenunua sifa. Na hilo ni dogo. Dhoruba iletayo maji ndiyo hiyo hiyo ikatayo umeme, na pampu isiyo na betri ya akiba ni pambo la shimoni. Juni 2021 hata vituo vya kusukuma maji jijini humo vilikumbwa na matatizo ya umeme, na maelfu ya besimenti zikafurika.

Utaambiwa betri ni ghali. Ni kweli, tena huchoka baada ya miaka michache. Ila anayelalamika hivyo keshatandika zulia huko chini, kapanga makochi na televisheni pana kama mlango, vyote chini ya ulinzi wa boya la plastiki linalowasha pampu. Mwingine atajitetea kuwa kwake maji hayajawahi kuingia. Huyo betri aiache. Atafute makochi yanayoelea.